Kisanduku Kilichotaka Mikono ya Wengi

Mchora vibao wetu amefariki. Nasema wetu kwa sababu wengi wenu mmepita chini ya herufi zake hapa Butembo bila kujua ni za nani, zile herufi nene nyekundu zenye kivuli cha manjano upande mmoja, ambazo zamani zilikaa juu ya kila duka la maana. Habari ilinifikia hapa mtaani kwetu Vulamba wakati mwenyewe ameshazikwa. Barabara ya Beni ilikuwa imefungwa tena, na dereva wa lori aliyepewa ujumbe alikwama njiani akingoja askari waruhusu magari. Kwa hiyo dada yake alipoingia kwangu amejifunga kitambaa kichwani, alikuwa anakilia kifo ambacho watu wa Mavivi, alikokuwa amehamia, walikwisha kukilia na kurudi mashambani. Hakuuawa. Nalisema hilo mapema maana najua ndilo swali mtakaloniuliza kwanza. Alishikwa na homa, akajifungia ndani, na majirani waliposhangaa kwamba mlango haujafunguliwa walimkuta kitandani, ameshakata roho. Katika miaka hii ya vita, mtu kufa kwa homa kitandani mwake kunahesabiwa kuwa bahati. Mimi bahati hiyo sikuiona. Niliuona ule mlango uliofungwa, na mpaka leo ninapoandika haya haujanitoka akilini.

Tulijuana kwa ujirani tu. Nyumba yake na ya dada yake zilikuwa nyuma ya yangu, na mkewe alikuwa amefariki zamani kabla hawajapata mtoto. Alikuwa mtu wa maneno machache, mbishi kimyakimya, mwenye rangi kavu chini ya kucha hata siku ya Jumapili. Kazi ilimwendea vizuri hadi vita vilipofika mjini. Hapo matajiri wakagundua kwamba kibao kizuri kinawaonyesha wanyang'anyi mlango wa kugonga. Mmoja akashusha chake, kesho yake jirani akashusha, na haukupita muda barabara nzima ikabaki na kuta tupu. Wale ambao majina yao yalikuwa yamechorwa moja kwa moja ukutani walimwita yuleyule aliyeyachora aje ayafute. Akawa anazunguka na ndoo ya chokaa akifunika herufi zake mwenyewe. Siku moja nilimkuta mbele ya duka la vitambaa, amesimama tu na brashi mkononi. Nilipomsalimu aliniambia kwamba kile kivuli cha manjano kilimchukua wiki nzima kukipata, kisha akachovya brashi na kuendelea na kazi. Nadhani ni siku zile alizoanza kucheza na nyaya.

Redio mbovu zilikuwa zimejaa mjini wakati huo, zilizokanyagwa, zilizodondoshwa na wakimbizi, zilizoporwa kisha zikatupwa mtaroni. Alizikusanya, akatoa ndani yake transista na nyaya na spika zilizochanika, akaziziba kwa karatasi na gundi ya unga wa muhogo. Umeme wa kulehemu hakuwa nao, na nani anao hapa kwetu, basi alipasha msumari mnene kwenye makaa ya mbabula akayeyusha risasi ya kulehemia kwa msumari huo, huku dada yake akinung'unika kwamba maharagwe hayaivi kwa sababu jiko limeshikwa na watu wa ufundi. Kilichotoka humo kilikuwa kisanduku cha mbao chenye kioo mbele. Juu ya kioo alichora mji wetu wenyewe, vilima vyake na nyumba zake zinazopandana, kwa rangi zilizobaki za vibao. Ila madirisha hakuyapaka rangi. Nyuma ya kioo aliweka taa ndogo za tochi, na zikiwaka, madirisha yote ya mji yanawaka. Kwa sisi ambao jioni tunakaa na kibatari, kuuona mji wetu umewaka hivyo, hata kama ni mji wa kuingia kwenye kapu la mtama, lilikuwa jambo la kukuziba mdomo.

Kisanduku hakikuwa na kitufe. Hilo ndilo lililomtofautisha mtu huyu na mafundi wote niliowafahamu. Kilitoa nyaya mbili, na kila waya uliishia kwenye kibati kilichokatwa kutoka kopo la maziwa. Ukigusa kibati kimoja, hakuna kitu. Ukigusa vyote viwili, umeme mdogo mno, ambao hata huwezi kuusikia mwilini, unapita kwako kutoka mkono huu hadi ule, na hapo taa zinawaka na spika inaimba. Lakini yeye alivipigilia vibati kwenye ncha mbili za benchi refu la aina ya lile la kanisani, makusudi, ili mtu mmoja asiweze kuvifikia vyote. Ilibidi watu wakae benchi zima na kushikana mikono, wa kwanza ashike kibati cha huku, wa mwisho cha kule. Mmoja akiachia mkono wa mwenzake, mji unazimika na wimbo unakatika.

Jumapili ya kwanza alipokitoa nje, watu walikuwa wanarudi, sisi kutoka misa, wengine kutoka kwao Waprotestanti, na bado wamevaa vizuri. Aliwakalisha kwa taabu. Kina mama walikataa kushikana mikono na wanaume wa watu, wazee walitaka kujua kwanza kama hakuna dawa ndani. Hatimaye walikaa, kisanduku kikalia. Sitawadanganya, sauti haikuwa nzuri. Yeye alikusudia filimbi, sisi tulisikia mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Watu walicheka mpaka mikono ikaachana na mji ukazimika, wakashikana tena. Kisha tukagundua jambo ambalo nadhani hata yeye hakulitazamia. Mikono ya wakulima, iliyokauka kwa jembe, ilitoa sauti nzito. Ya vijana wenye jasho ilitoa sauti ya juu. Binti mmoja alipokalishwa karibu na kijana aliyekuwa akimtazama kanisani, spika ilipanda juu ghafla hadi wote wakageuka kuwaangalia, na binti akakimbilia jikoni. Kumbe viganja vina maneno yake. Mchora vibao alikuwa amekaa katikati yao, ameshikwa huku na kule, uso umemkunjuka kama sijawahi kumwona. Ndivyo ninavyotaka kumkumbuka.

Mfanyabiashara mmoja aliyesimama pale, mtu mwema ambaye sote tunakula chumvi yake, aliuliza kitu kile kinaleta nini. Hakuuliza kwa dharau. Hapa kwetu kila kitu huulizwa hivyo, mwana akienda shule, ng'ombe akinunuliwa, barabara ikilimwa. Sisi ni watu wa kazi, na bila tabia hiyo huu mji ungekuwa umekwisha kufa tangu serikali ilipotusahau. Lakini nimekaa na swali hilo muda mrefu, na naona lina upungufu wake. Kisanduku hakikuleta kitu chochote ambacho mtu angeweza kukipakia kwenye gari. Kilimaliza mawe ya redio, zile betri zake, kilimchelewesha dada mtu na maharagwe yake, basi. Jioni ile hata hivyo watu walirudi nyumbani kwa kuchelewa kuliko siku zote, wakati ambapo kila mtu alikuwa amejizoeza kufunga geti mapema. Mchora vibao alimjibu yule tajiri kwamba bado hajajua, na nafikiri alisema kweli.

Kazi ilipokwisha kabisa Butembo alihamia Mavivi, kando ya uwanja wa ndege wa Beni. Huko wafanyabiashara walikuwa wanapeleka na kupokea mizigo kwa ndege ndogo, na kila gunia na kila sanduku lilihitaji alama ya mwenyewe. Alichora alama hizo. Hazikuwa majina, maana hata huko watu waliogopa majina. Zilikuwa duara, msalaba, jicho, samaki. Benchi na kisanduku alivipandisha juu ya lori pamoja na godoro lake. Dada yake alimsihi asiende, akamwambia kwamba huko hana mtu. Alijibu kwamba watu wako kila mahali. Ni kweli walikuwepo, lakini Mavivi ya wakati ule ilikuwa ya wapitaji: waliokimbia kutoka upande wa Oicha, waliongoja ndege, waliokuja kukausha kakao ya shamba lililotelekezwa na kuondoka kabla hawajajua jina la jirani. Alipokuwa akishuka Butembo kutafuta rangi alipitia kwangu, na kila mara nilimuuliza kama kisanduku kinaimba. Alisema watu bado hawajazoea. Akaongeza kwamba watazoea.

Safari moja alikuja amekonda, na hakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, niliyomtilia. Ndipo aliponisimulia. Mchana mmoja askari waliingia kwenye kiwanja anachopanga, wamesikia kwamba kuna mtu mwenye sanduku la nyaya na taa. Katika vita hivi mnajua maana yake. Mwenye nyaya ni mwenye foni, ile redio ya kusema na walio mbali, na mwenye foni ni mtu wa adui. Walikuta kisanduku na benchi lake. Kamanda alimuuliza anaongea na nani.

"Hapana foni, mon commandant," alimjibu. "Inaimba tu. Mais inaomba batu bashikane mikono."

Kamanda alisema basi kiimbe, asikie. Na huyu mtu wetu, badala ya kutetemeka, alifurahi. Aliamini kwamba mtu akikisikia tu atakielewa, kama watu wa Vulamba walivyokielewa. Alikaa mwisho wa benchi, akashika kibati chake, akanyoosha mkono mwingine upande na kuwaita majirani. Walikuwa pale pale, wamama na wababa, wameinama juu ya kakao waliyoianika kwenye turubai. Aliwaita kwa heshima, mama, papa, mukuje kidogo. Waliendelea kugeuza kakao. Askari nao hawakutaka kukigusa, wengine walikiona kama kitu cha uchawi. Alikaa hivyo na mkono umenyooshwa hewani hadi bega likamuuma, na hakuna aliyeinuka. Mwishowe kamanda akachoka.

"Njo kitu ya bure tu," kamanda alisema. "Na mwenyewe ni mujinga. Twende."

Askari wa mwisho kutoka alimgeukia kwenye kizingiti akamwambia ana bahati, maana sauti yoyote ingetoka mule wangembeba, na waliobebwa wiki ile hawakurudi. Mnaona jinsi mambo yalivyokuwa. Angepata mkono mmoja tu, angekufa. Nilimwambia hivyo, nikamwambia amshukuru Mungu kwa uoga wa majirani zake. Aliangalia kikombe chake.

"Najua," alisema. "Sibalaumu, bako na batoto. Kama mutu moya angelinipa mukono, bangeniua. Mais, ndugu yangu, mi nilitaka iimbe."

Nilimuuliza, ili tu tuendelee kuongea, kwa nini basi asivisogeze vile vibati karibu, ajipigie mwenyewe jioni akitaka, asimngoje mtu. Alinitazama kama nimemtukana.

"Ya mutu moya, ni makelele tu," alisema, kisha akaaga, na huo ndio mwisho wetu wa kuonana.

Wasomaji wangu, mimi nimezoea kuwachokoza katika ukurasa huu, lakini juu ya watu wa Mavivi sitawachokoza. Mtu anayeinuka mbele ya bunduki na kumshika mkono mshukiwa ameingia kwenye kesi yake, na nyumbani kuna wanaomngoja. Ningekuwa pale sijui ningefanya nini. Ninalolitazama ni lile lililofuata, siku ambazo askari hawakuwepo. Dada mtu alisimuliwa na wenyeji wa huko kwamba baada ya siku ile majirani waliona haya kumtazama usoni, na aliyeona haya akapita mbali na mlango wake. Naye, kwa kudhani bado wanaogopa, hakuwaita tena. Wao wanangoja asahau, yeye anangoja wazoee, na mvua ikanyesha na kwisha. Vita vinaua kwa panga na risasi, hilo tunaliandika kila wiki. Hili lingine la watu kukaa mlango kwa mlango na kuoneana haya hatuliandiki, nadhani kwa sababu halina jeneza.

Barabara ilipofunguliwa nilimsindikiza dada yake kwenda kutoa vitu vya marehemu. Tulifika Mavivi alasiri. Majirani walitupokea vizuri sana, walituletea maji ya kuoga na bugali na sombe ya majani ya muhogo, wakatueleza jinsi walivyomzika, kwamba wabebaji wa jeneza walikuwa wengi hadi wakasukumana. Dada mtu alishukuru. Kisha tukafungua mlango. Ndani mlikuwa nadhifu, brashi zimeoshwa, kitanda kimetandikwa na mtu baada yake. Benchi lilikuwa limesogezwa ukutani na kuwekewa makopo ya rangi. Kisanduku kilikuwa juu ya meza, na mbele yake kiti kimoja.

Vibati vilikuwa vimeng'olewa kwenye benchi. Alikuwa amevipigilia mezani, kimoja kushoto, kingine kulia, umbali ambao mtu aliyeketi kwenye kile kiti akitanua mikono anavifikia vyote. Pembeni bati lilikuwa limeota kutu. Katikati, mahali pa viganja, lilikuwa limesuguliwa likang'aa. Nilielewa kwamba halikusuguliwa jioni moja wala mbili. Dada yake aliweka mkono wake juu ya kile cha kulia, akauacha hapo.

"Kumbe alikuwa najishika ye mwenyewe," alisema.

Mama mmoja jirani alikuwa amesimama mlangoni, ana vumbi la kakao mikononi. Alikuwa ameona. Aliondoka, nikafikiri haya imemrudia. Muda si muda alirudi na mumewe, na nyuma yao wengine wa kiwanja kile, wakajaa chumbani. Mume alishika nyundo iliyokuwa dirishani akang'oa misumari taratibu asivipinde vile vibati. Tuliondoa makopo, tukaliburuta benchi katikati, tukavirudisha kwenye ncha zake. Tukakaa. Dada mtu mwanzo, mimi karibu naye, kisha yule mama, kisha wengine hadi mwisho. Mkono wa dada yake ulikuwa umelowa kwa machozi, na mimi, mtu mzima, nikajikuta nawaza kwamba kwa mkono huu kitaimba juu kabisa. Tukashikana.

Hakikulia. Mawe ya redio yalikuwa yameisha na kuvuja, alipokufa hakukuwa na wa kuyabadilisha. Kila mtu alielewa ndani ya pumzi moja, lakini hakuna aliyeachia. Tulikaa hivyo benchi zima, tumeukazia macho ule mji wetu mdogo wenye madirisha meusi, na yule mama alinifinya vidole kwa nguvu hadi vikaniuma. Kama angekuwa hai angesikia vitu vingi katika mikono ile.

Dada yake amekileta kisanduku Vulamba, na nimemnunulia mawe mapya. Kinaimba, bado ni sauti ya mbuzi. Wanaotaka kusikia waje Jumapili baada ya ibada, wakae benchini kama wengine. Ila sikuandika haya yote ili kuwaalika kwenye kisanduku. Kuna mtu karibu yenu ambaye mara ya mwisho alipowaita hamkuinuka, kwa sababu nzuri kabisa ambayo hata yeye anaijua. Sababu hiyo imekwisha kupita, haya ndiyo iliyobaki. Nendeni mkagonge kwake leo, kabla hajasogeza vibati vyake karibu.